Sauti ya Mayu Kabula Katika Kanda ya Pili

Siku ile ya ghala la Kasoli naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku niliyooa. Siisimulii ili unihurumie. Naisimulia kwa sababu nawe umeanza kupigiwa makofi, na makofi ni pombe isiyonuka mdomoni.

Tulikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa ameacha bendi ambayo yeye ndiye alikuwa nyota wake. Masanja, mwimbaji wetu, alitoka Migato. Mimi na gitaa langu nilitoka Zagayu. Mpiga besi na mpiga ngoma walikuwa vijana wa Bariadi mjini. Tulijiita Radi Nne. Hatukupiga nyimbo za kubembeleza. Mimi nilichana karatasi ya spika kwa wembe ili gitaa lingurume, na mpiga ngoma alivunja vijiti kama mtu anayechanja kuni. Wazee walisema tunatwanga vyuma. Vijana walitufuata kwa baiskeli kutoka mnada mmoja hadi mwingine.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, nasi tulikuwa wanne. Lakini kanda yetu ya kwanza tuliirekodi kwa kusikilizana, nayo ikapigwa katika kila mgahawa na kila kinyozi. Nikadhani sasa nitajulikana. Siku moja sokoni mama mmoja muuza nyanya akanitazama sana, akasema, “Wewe nakujua! Si ndiwe unayembebea Masanja gitaa?”

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ujihadhari, mwanangu, na kicheko cha namna ile. Mimi changu kilishuka tumboni kikawa jiwe. Nikaapa kwamba kanda ya pili itakuwa yangu.

Sasa nikuambie habari za mama yake Masanja. Aliitwa Kabula, nasi wote tulimwita Mayu, yaani mama, kwa lugha yetu ya nyumbani. Ndiye aliyekuwa akitangulia kuimba katika kundi la kulima la Migato, na mimi ujanani nililima katika kundi hilo misimu mitatu. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja: mistari tunalima kwa ngoma, lakini Mayu akiinua kiganja, majembe yote yanabaki juu. Ngoma inanyamaza. Anatunga ubeti wake palepale, kwa mtu aliyemwona au jambo lililomjia, na hakuna jembe linaloshuka mpaka amalize. Aliyeshusha alitolewa kwenye mstari, akaenda kuchota maji pamoja na watoto.

Masanja alitaka wimbo wa mwisho wa kanda ya pili uwe wa mama yake. Kifua cha Mayu kilikuwa kimeanza kumsumbua, na Masanja alijua, ingawa hakusema, kwamba asipoiweka sauti ile mahali, itaondoka. Tukakubaliana wote wanne: tutapiga, kisha Mayu ataingia peke yake na vyombo vitanyamaza, kama shambani.

Fundi wa kurekodi alikuja na mashine yake na vipaza sauti viwili, tukaingia ndani ya ghala tupu la pamba pale Kasoli. Kila kitu kilinaswa kwa pamoja, ukikosea, umekosea. Mayu alikaa juu ya gunia, amevaa viatu vipya vilivyombana.

“Mwadila, mayu,” nikamsalimu.

“Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Hilo gitaa lako mbona linalia kama dume lililonyimwa maji?”

“Ndiyo muziki wa sasa, mayu.”

“Basi lipe maji kwanza, nami nipate kusikika,” akasema, na wenzangu wakacheka sana. Hata huo utani wake nikauhesabu kuwa dharau.

Tukapiga. Zamu ikafika. Mayu akainua kiganja, tukanyamaza. Akaimba kwa Kisukuma mistari miwili ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: *Nimewaazima mwanangu, enyi watu wa ngoma. Mkimaliza kucheza naye, nirudishieni angali mzima.*

Sauti yake ilikuwa nyembamba, imechakaa, na ghala zima liliielekea. Fundi alikuwa ameacha mdomo wazi. Masanja alikuwa analia. Nami, Mungu anisamehe, nikafikiri: hata kikongwe huyu atanifunika. Nikaingia na gitaa.

Mpiga ngoma akadhani ndio mpango, akanifuata. Mpiga besi naye. Midomo ya Mayu iliendelea kucheza. Kisha akainua kiganja tena, juu zaidi, akinitazama mimi. Nilikiona. Nilikielewa kuliko mtu yeyote mle ndani. Nikafumba macho, kama mpigaji aliyezama katika muziki.

Tulipomaliza, fundi akasema, “Jamani, mama hakusikika vizuri. Mkanda umebaki kidogo, turudie?”

Mayu alikuwa anakohoa. Masanja akamtazama, akanigeukia. “Wewe umesikiaje?”

“Imetoka safi,” nikasema.

Kanda ikatoka, na kila mahali watu wakalisifu gitaa. Nilipata nilichokitaka. Msimu wa kuchuma pamba haukupita, Mayu akafariki.

Baada ya mazishi Masanja aliwasha redio yake ya kaseti uani, watoto wake wamemzunguka. Mdogo kabisa akauliza, “Baba, bibi anaimba wapi?” Masanja akaongeza sauti. Gitaa langu likapanda. Akaongeza tena. Gitaa likapanda tena. Akaweka sikio kwenye spika, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akanisogezea redio. “Mwenzangu, sikiliza na wewe. Labda masikio yako ni mazima kuliko yangu.”

Nilisikiliza. Niliyemsikia ni mimi tu.

Nikamrudishia redio yake. Bendi ikafa bila ugomvi, kila mtu akarudi kwao, na kanda ya tatu haikuwapo. Mficha uchi hazai, nami niliuficha wangu mpaka mvi zikanijaa. Mwaka jana ndipo nilipokwenda Migato. Nikamkuta Masanja anapukuchua mahindi. Nikamwambia yote: kiganja, macho niliyoyafumba, uongo wangu mbele ya fundi.

Hakuacha kupukuchua. “Nilikuona siku ileile,” akasema. “Nilikuwa nangoja useme.”

“Miaka yote hii?”

“Ulitaka nikusemee?”

Akachukua hindi lingine. Kisha akaniuliza kwa upole, “Ubeti wake unaukumbuka?”

Nikamtajia ile mistari miwili.

“Baada ya hapo?”

Sikujua. Gitaa langu lilikuwa limelia juu yake.

“Hata mimi ni hiyo miwili tu,” akasema. “Aliutunga palepale. Nilifikiri labda wewe, uliyekuwa umekaa karibu naye...” Punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mwenzako akifungua kinywa, shika mikono yako, hata kama unajua unaweza kumzidi. Na hasa kama unajua. Kuna maneno husemwa mara moja tu, na ukiyafunika huwezi kuyalipia, kwa kuwa hata mwenye kudai hajui alikuwa anadai nini. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla mashine haijafungwa, mkanda ungali umebaki kidogo. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, “Turudie.” Usingoje mvi zikupe ujasiri.

Nenda, ukapige. Mungu akupe mikono myepesi na moyo usio na jiwe. Akupe wenzako wanaoimba vizuri kuliko wewe, na akujalie uwapende.