Mawe Yaliyooshwa Alhamisi

Siku zile safari ya kutoka Kitale hadi Lamu ilichukua siku tatu, nami nilitapika mara moja kila siku. Mama alinipakata mpaka Nairobi, kisha akasema nimekuwa mzito, nikae mwenyewe. Mombasa tulilala kwa rafiki yake. Baada ya Garsen askari wawili wenye bunduki walipanda basi wakakaa mbele, na barabara ikawa mchanga, kisha matope, kisha mchanga tena. Tulipofika Mokowe nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama akaninawisha uso kwa maji ya bahari kabla hatujaingia mashuani, nikayalamba mdomoni, nikashangaa kwamba maji mengi kiasi kile hayanyweki. Nilikuwa na miaka tisa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita, huko Arusha, nilikaa kwenye chumba cha kungojea daktari wa meno, na ukutani palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa bahari. Karani akaniambia samaki wa kwanza walikufa wote wiki ile ile, na hawakujua kwa nini. Mimi nilijua. Nikamuuliza kama zamu yangu imefika.

Mama alikaa Langoni, mtaa wa kaka yake mjini Lamu, siku nne, akaondoka kwenda kufanya kazi Uarabuni, akaniacha kwa huyo kaka yake. Baba alikuwa ameshaoa kwingine, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kuachiwa. Mjomba alikuwa na mwana mmoja, wa umri wangu. Nitakuambia ukweli, rafiki yangu, maana sasa sote ni watu wazima: nilimwonea wivu binamu yangu kabla sijavua viatu. Alikuwa na mama wa kumpaka mafuta kichwani, bibi wa kumwita kwa jina la marehemu babu, na baba anayerudi nyumbani kila siku akinukia waya wa kuchomelea, kwa kuwa mjomba alikuwa fundi redio. Mkaza mjomba alipotugawia mahamri alitoa sawa kwa sawa. Mimi bado niliyapima kwa macho, nikaona la mwenzangu limefura zaidi.

Kabla ya redio mjomba alikuwa amefanya kazi Kilifi, kwa tajiri mmoja aliyepeleka samaki wa mapambo Ulaya kwa ndege. Alirudi na pampu ndogo ya hewa, vichupa vya dawa ya kupimia maji, na hamu ya kufuga samaki wake mwenyewe. Mwaka ule niliofika ndipo alipoianza kazi hiyo. Fundi wa vioo alimkatia vipande vitano, akaviunganisha kwa gundi, likapatikana tangi la urefu wa mkono wa mtu mzima. Nyumbani tulikiita kioo tu. Kilijazwa maji ya kisima siku mbili kuona kama kinavuja, kikamwagwa, kikawekwa mchanga mweupe, kisha mawe ya mwamba yaliyotolewa baharini na kubebwa yakiwa mabichi ndani ya gunia lililoloweshwa.

Maji ya bahari yalitoka mbali, kupita Shela, kwa sababu ya mbele ya mji yalikuwa na mafuta ya mashua na uchafu wa mitaro. Yalikuja kwa madumu juu ya punda, na aliyemfuata punda nilikuwa mimi.

Kisha mjomba akafanya jambo lililoushangaza mtaa mzima. Badala ya samaki, alitia kamba mmoja aliyekufa, akamfunga katika kipande cha chandarua, akamwacha aoze.

Lazima nikueleze hapa. Kwa watu wa Amu, yaani Lamu, samaki ndani ya nyumba si kitu kipya. Kila nyumba ya zamani ilikuwa na birika la maji chooni, na ndani ya birika waliishi visamaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa huwekwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Birika huoshwa, hujazwa, samaki hurudishwa, basi. Kwa hiyo kila mtu aliijua kazi ile, na kila mtu aliona mjomba anaikosea.

Jirani wa mlango wa pili alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi, akainama mbele ya kioo.

"Bwana, samaki yuko wapi?"

"Bado hajaja," mjomba akajibu.

"Umemwalika lini?"

"Atakuja maji yakiiva. Labda wiki tano."

"Mimi nilidhani ni samaki ndiye huiva," jirani akasema, akanywa kahawa yake.

Bibi, mama yake mjomba, hakuona la kuchekesha. "Mai haya yanuka, mwanangu. Nyumba ya watu kusali, wewe watia mzoga ndani."

Mjomba alituketisha mimi na binamu akatueleza. Alisema uchafu wa samaki ni sumu kwa samaki mwenyewe, na baharini sumu hiyo huliwa na vidudu visivyoonekana, vinavyoishi kwenye mawe na mchanga. Kundi la kwanza hula sumu na kutoa sumu nyingine. Kundi la pili hula ile ya pili, na kinachobaki hakimdhuru samaki. Kamba aliyeoza ni chakula cha kuvifuga vidudu hivyo kwanza, ili samaki akija akute watumishi wake tayari. Ukimtia mapema, atakufa ndani ya maji meupe pe, na hutajua kimemuua nini.

Kazi ziligawanywa. Binamu alipewa vichupa. Kila alasiri baada ya chuo cha Kurani alichota maji kidogo, akadondosha dawa, akainua kichupa kwenye mwanga, akaandika rangi yake katika daftari, njano maji yakiwa hayana sumu, kijani yakiwa nayo. Mimi nilipewa madumu na kata. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, pampu ilinyamaza, nami nilichota kwa kata na kumimina kutoka juu ili maji yapate hewa, mpaka mkono ukafa ganzi. Binamu alipita na daftari lake kifuani akaniambia, "Polepole, mtu wa bara, hufui nguo." Nilimchukia kwa daftari lile. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko yeye.

Tena mjomba alikuwa ametoa ahadi. Alisema atakayeyalea maji mpaka yaive ndiye atakayekwenda naye Kizingitini kuchagua samaki kwa wavuvi wa kambakoche. Mmoja tu, kwa sababu safari ni ndefu na ndoo za kurudi nazo ni nyingi. Hakumtaja mtu. Lakini mwenye daftari alikuwa mmoja. Usidhani nilitaka samaki. Nilitaka kukaa mashuani kando ya mjomba, siku nzima, nikiwa mimi peke yangu wa kusemeshwa.

Wiki ya nne rangi ya dawa ilianza kurudi njano. Mjomba akapata safari ya Mombasa kununua vipuri. Binamu alikuwa chuoni, kwa hiyo aliniambia mimi mlangoni, mfuko ukiwa begani: "Mwambie mwenzako, mawe yasiguswe na maji yasimwagwe. Hata bibi akisema. Wale vidudu wamo kwenye mawe." Nikaitikia. Jioni tulikula wali na samaki wa kupaka, binamu akiwa mbele yangu, na sikusema kitu. Sikuwa na mpango wowote, nakuapia. Nilipenda tu kuwa na neno la mjomba ambalo yeye hana.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuosha birika. Bibi alikunja kanga kiunoni, akawahamishia visamaki kwenye bakuli akanipa nilishike, akasugua kuta kwa makumbi ya nazi. Alipomaliza akakigeukia kioo. Alimwambia binamu kwamba kesho ni Ijumaa, na harufu ile haitaingia Ijumaa nyumbani mwake.

Binamu akanitazama. "Baba alisema lolote kuhusu mawe?"

Visamaki vya birika vilikuwa vikizunguka ndani ya bakuli. Nilivitazama hivyo.

"Mimi hakunambia kitu," nikasema.

Basi wakayatoa mawe yote, wakayasugua kwa makumbi na maji ya kisima, wakayaanika juani uani kama vyombo. Mchanga ukaoshwa mara saba. Hata mimi nilichukua jiwe moja nikalisugua, tena kwa nguvu, mpaka bibi akanisifu. Kamba akatupwa. Ijumaa asubuhi nilimfuata punda kwenda kupita Shela, nikaleta maji mapya.

Mjomba alirudi Jumapili. Umeme ulikuwa umekatika, na chumba cha ndani katika nyumba zile hakioni jua. Alichota maji, akatoka na kichupa uani, akaona njano safi, akafurahi. Maji mapya ya bahari hayana sumu bado, kwa hiyo dawa haikumwonyesha kitu. Hakuna aliyemwambia chochote, maana Langoni hakuna mtu anayetangaza kwamba ameosha birika. Kesho yake akaondoka na mwanawe kwenda Kizingitini. Nilisimama dirishani nikawaona wakienda, binamu amebeba ndoo tupu kichwani kama kofia, na mjomba anacheka. Sikuwahi kumfanya mjomba acheke vile.

Walileta samaki sita, wadogo kama kidole gumba, weupe wenye mistari mitatu myeusi. Mtaa wote ulikuja kuwaona. Siku ya tatu walianza kuhema juu ya maji. Binamu akapima, na dawa ikawa kijani kama jani la mchunga. Nilichota kwa kata na kumimina bila kuambiwa na mtu, lakini hewa haikuwa tatizo. Siku ya tano aliyebaki alikuwa mmoja, amelala ubavu, mdomo ukifunguka na kufungika.

Mjomba aliingiza mkono, akatoa jiwe, akaenda nalo uani kwenye mwanga. Akalinusa. Jiwe lilikuwa jeupe kama yai.

"Nani ameyaosha mawe?"

"Mimi," binamu akasema.

"Kwani hukuambiwa?"

Binamu alinitazama, na wakati ule nikajua kwamba ameelewa kila kitu. Nilingoja anitaje. Nilikuwa tayari kukana.

"Niliambiwa," akasema. "Nikasahau."

Mjomba hakumpiga. Alimnyang'anya daftari akanipa mimi, akaenda kumtoa yule samaki wa mwisho. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilikishika kifuani kama alivyokuwa akikishika yeye. Alasiri ile ile nilipotoka uani niliwakuta wameketi kwenye ngazi, mjomba anamenya chungwa, anampa mwanawe pande moja, anajilia jingine. Nilirudi ndani. Mpaka leo sijawahi kuona wivu kama niliouona kwa chungwa lile.

Nilianza upya: mawe mengine, kamba mwingine, bibi akanung'unika upya. Wiki sita nilipima na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri. Kijani ikapanda, ikashuka, ikafuata rangi ya zambarau ya sumu ya pili, nayo ikashuka. Siku maji yalipoiva mjomba alinishika bega, na Jumamosi tukapanda mashua mpaka gati la Mtangawanda, halafu tukaendelea kwenda Kizingitini. Nilikaa kando yake kama nilivyoota. Naye, siku nzima, alizungumza habari za mwanawe. Alisema mtoto yule anakubali kosa lake kama mtu mzima, na kwamba kusahau ni kwa kila mwanadamu. Kizingitini, kabla hata ya kuchagua samaki, alimtafutia kaa mdogo anayeishi ndani ya kombe, kwa sababu binamu alikuwa amemtaka. Nilimbeba mimi, katika kopo, njia nzima.

Samaki wangu waliishi. Niliwalisha mwaka mmoja, kisha nikamrudishia binamu daftari nikasema nimechoka. Akalipokea, akasema, "Mwandiko wako wasomeka." Sikumuomba radhi, si siku hiyo wala nyingine.

Sasa bibi hayuko, wala mjomba hayuko. Nyumba imenunuliwa na mgeni, na birika limevunjwa, watu wanaoga kwa bomba na tangi la plastiki liko juu ya paa. Hao visamaki sijui walipelekwa wapi. Binamu anafuga samaki Mtwapa na kuwauza, ana watu wanaomfanyia kazi. Hunitumia picha kwenye simu, matumbawe ya rangi ambazo sizijui majina. Mimi nimeishi Mtwara, Kigoma, Juba na kwingine, na sijakaa mahali muda wa kutosha maji kuiva. Nazikuza picha zile ili nione mikono yake ndani ya maji, na namwonea wivu hata leo, mtu wa miaka arobaini na sita.

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipoondoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi ya kupanga mizigo ilikuwa imepatikana Mombasa. Niliingia chumba cha ndani kuaga, sanduku mkononi. Mjomba na binamu walikuwa wamezamisha mikono kwenye kioo mpaka viwikoni, wakihamisha mawe, wamepeana mabega. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, nikasema moyoni kwamba hata kwa kuondoka kwangu hawakuacha kazi.

Mjomba akasema bila kugeuka, "Wewe mwenye mikono mirefu, njoo ushike hili la nyuma. Wawili hatuliwezi."

Binamu akasogea upande, akaacha nafasi katikati.

Nikasema mashua haingoji. Wakageuka kuniaga, na kwa kuwa viganja vyao vilikuwa vimejaa mchanga, kila mmoja alininyoshea kigasha, chini ya kiwiko, nikakishika. Kisha nikateremka gatini. Mashua ilikuwa haijapata abiria watatu. Nilikaa ndani yake, sanduku magotini, maji ya kioo yakinikaukia kiganjani, na nahodha akangoja nusu saa nzima ijae.