Gari Lisilokunywa Mafuta

Murshid alikuja Guangzhou kusomea uhandisi. Akavumilia mihula miwili, kisha akagundua kwamba wafanyabiashara wa Unguja wanamhitaji wakala wa mizigo kuliko chuo kinavyomhitaji yeye. Sasa ana miaka tisa ya uwakala, kitambi cha kutosha, na gari la haibridi, la petroli na umeme, alilouziwa na Mchina aliyekuwa akihama. Uhandisi wote uliombakia aliuhamishia kwenye gari hilo.

Mchana, kwenye migahawa ya barabara ya Huanshi Zhonglu, pilau likiwa mdomoni, aliwahutubia wateja wake: "Hili halinywi, linanusa tu. Ukikanyaga breki linajitilia umeme lenyewe. Nyinyi endeleeni kuzilisha sheli!" Taa ya mafuta ikiwaka, hashtuki. Kwao Unguja taa ile haimaanishi mafuta yamekwisha. Inamaanisha mtu aanze kuyafikiria. Na kwa haibridi, alisema, hata kufikiria si lazima.

Jumanne moja alimbeba Bimdogo, mteja wake kutoka Unguja mwenye duka la nguo za watoto Darajani, pamoja na marobota manne ya magauni ya Idi kutoka soko la Shisanhang. Kontena lilikuwa bandarini Nansha, linafungwa saa kumi alasiri. Meli inayofuata ingefika sikukuu imeshapita, na gauni la Idi baada ya Idi ni tambara lenye shanga.

Saa nane, kwenye barabara ya zamani aliyoichagua ili akwepe tozo ya barabara kuu, Nansha ikiwa bado mwendo wa saa nzima, injini ikanyamaza. Gari likaendelea kunyata kwa betri kama mwizi wa viatu msikitini.

"Mbona halingurumi?" akauliza Bimdogo.

"Ndiyo raha yake, mama."

Raha ilidumu dakika mbili. Betri ilipobakiza kidogo, gari likajisogeza kando, likasimama.

"Limekwisha mafuta hili."

"Limepumzika."

"Limepumzika wapi, mwana we! Ita kirikuu tuhamishe mzigo."

"Mama, sheli ile pale, naiona kwa macho yangu. Dakika kumi tu. Wataka wenzangu wanicheke mwaka mzima?"

Kwa adabu alimwachia Bimdogo kiyoyozi kinapuliza, akachukua kidumu cha mafuta ya kupikia, akashika njia. Mhudumu wa sheli alikitazama kile kidumu utadhani kina bomu. Petroli ya kubeba mkononi haiuzwi bila karatasi ya polisi, wala haitiwi kwenye plastiki. Murshid akamwita laoban, yaani bosi, mara nne. Akamtajia bei maradufu ya ile ya kwenye pampu.

"Meiyou," akajibiwa. Hakuna. Neno hilo amelisikia kila siku kwa miaka tisa, lakini hajawahi kuambiwa hakuna juu ya kitu anachokinusa.

Kwenye kituo cha polisi, askari alikuwa na adabu ya kuudhi. Alimpa kiti, maji ya moto na fomu, kisha akaomba kitabu cha gari. Kitabu kilikuwa garini. Murshid akakimbia kwenda, akakimbia kurudi, kitambi kikimtangulia safari zote mbili. Saa tisa na robo alikuwa na lita tano ndani ya kopo la chuma la kuazima.

Akamimina. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, safari hii kwa bismillahi. Injini ya gari lile huwashwa na ile betri kubwa, na betri yote Bimdogo alikuwa ameshaimaliza kwa kupepewa.

"Mafuta tunayo," akasema Murshid. "Umeme ndio hatuna."

"Si linajitilia lenyewe?"

Murshid akamweka Bimdogo kwenye usukani, akaenda nyuma, akatia bega. Kwao hakuna gari lililowahi kukataa bega. Hili lilisogea, likasogea, likasogea mpaka yeye akakaa chini. Haibridi haiwashwi kwa kusukumwa. Mada hiyo ilikuwa muhula wa tatu.

Kirikuu kilichokuja, alikiita Bimdogo mwenyewe. Robota la mwisho lilikuwa linapakiwa wakati Athanase, Mkongo waliyechangia naye kontena, alipopiga simu kutoka Nansha.

"Murshid, mon frère, ndugu yangu, banafunga mulango! Nimebabembeleza mpaka basi. Bameshapiga lakiri!"

Murshid alisubiri atukanwe. Ingemsaidia. Bimdogo akapanda mbele ya kirikuu, akampigia bintiye Shifa dukani.

"Wale wenye oda za Idi, waambie wasitungoje. Wawapeleke watoto kwa fundi leo hii, kabla mafundi hawajajaa."

"Wote, mama?"

"Wote."

Akamwonyesha dereva njia ya kurudi mjini, mtaa wa Xiaobei. Murshid aliuliza kama kuna nafasi. Haikuwapo: mbele palikuwa na viti viwili tu, na nyuma marobota yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Akabaki kando ya barabara na lita tano za petroli, akisubiri gari la kuvuta.