Senti Moja ya Verna

Wivu wa Verna Hostetler ungetosha mtaa mzima na mwingine ukabaki. Nasema hivyo nikiwa jirani yake mwaka wa ishirini na sita hapa Ohio, tena fundi wa matrekta nisiye na mpinzani, ingawa shule niliiaga darasa la sita.

Pai zake za tufaha aliziweka kibandani mbele ya nyumba, bila muuzaji, kama ilivyo kawaida huku: unachukua pai, unatumbukiza pesa kisandukuni, unaondoka. Bei dola kumi. Mwenyewe alipenda namba iliyotimia. Basi wifi yake Doreen naye akafungua kibanda ng'ambo ya barabara, pai zilezile za mapishi ya marehemu mama mkwe. Kibao chake: dola tisa na senti tisini na tisa.

Magari yakahamia ng'ambo.

"Wanamwekea noti ya kumi vilevile!" Verna alinilalamikia, pua kaibandika dirishani. "Chenji pale hakuna. Sasa wamepunguziwa nini?"

"Wameona tisa, bibie. Inatosha."

"Kunywa chai yako wewe!"

Siku ya tatu mumewe, Merle, akaingia na pai mkononi. Ya Doreen.

"Merle! Mezani ziko pai kumi na mbili, bure!"

"Si ilikuwa tisa na kidogo, mke wangu."

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Verna hakucheka. Alitoka na rangi, akafuta kumi yake, akaandika bei ileile ya wifi. Lakini kumla mtu senti yake moyo ulikataa, hivyo akaweka kibakuli cha senti kando ya kisanduku: "Chukua chenji yako."

Weee! Kufika saa nane mchana ilikuwa imebaki pai moja. Na kibakulini haikupungua hata senti.

Ndipo Doreen akavuka barabara, ambayo hakuwa ameivuka tangu msiba wa mama yake. Uso kaukunja, macho hayatoki kwenye kile kibanda kilichobakiwa na pai moja. Akatumbukiza noti ya kumi, akabeba pai ya mwisho, kisha akachagua senti moja, akaifumbata.

"Yangu hii, wifi."

"Chukua, mpenzi," Verna akamjibu kwa sauti tamu ambayo Merle hajawahi kupewa. "Umeona bei yangu ilivyo nzuri, eeh?"