Tanga Nililolishona kwa Mkono

Nilivuka Ziwa Mweru nikiwa msichana, tulipokimbia vita upande wa Kongo. Katikati ya safari mtumbwi ulianza kujaa maji, na mama yangu akatupa ziwani kila tulichobeba, hadi sufuria, ili tuelee. Tukafika Nchelenge mikono mitupu. Tangu siku hiyo sikuingia majini kupita magoti.

Mume wangu ni seremala wa vitanda na viti. Mwaka juzi aliniambia anataka kutengeneza mashua ya tanga, apeleke kazi yake vijiji vya pwani ya ziwa, maana barabara huharibika mvua ikinyesha na petroli ya injini ni ghali.

"Mbao niko nayo," alisema. "Tanga utashona weye."

"Nitashona," nikamjibu. "Lakini kupanda, hapana."

Turubai lilivunja sindano tatu za cherehani yangu. Nikamalizia kwa mkono, kwa uzi wa nyavu.

Asubuhi ya kuishusha mashua majini, majirani walikuja wengi kuliko tulivyotazamia. Wanawake waliacha samaki wao vichanjani wakaja kusukuma. Tulitandika vigogo vya migomba mchangani, mashua ikateleza juu yake mpaka majini. Ikaelea, ila imelalia upande mmoja. Mume wangu akapakia mifuko miwili ya mchanga, ikakaa sawa. Kisha akaona maji yanapenya kwenye ubao mmoja.

"Si mengi," alisema. "Lakini nataka mutu wa kushika kamba ya tanga, mi nitoe mayi."

Hakunitazama. Jirani yetu, mjane wa Kibemba mwenye umri wa mama yangu, akaanza kuvua viatu.

"Wacha, mayo," nikamwambia, yaani mama kwa lugha yake. "Nitaingia mie."

Mjane alinishika mkono hadi nikakaa.

"Kamba ikivuta sana, uiachilie," mume wangu alisema, kopo mkononi.

Upepo ukajaza turubai kwa kishindo. Nilitazama mishono tu, mmoja baada ya mwingine, nikingoja upi utafumuka. Haukufumuka hata mmoja. Nilipoinua macho, watu wa ufukweni walikuwa wadogo, na mjane yule alikuwa bado amesimama majini, sketi imelowa.

"Unaogopa?" mume wangu aliniuliza.

"Naogopa. Endelea."

Akacheka, akaendelea kutoa maji.

Tuliporudi aliziba ufa kwa pamba na lami. Wiki iliyofuata tulipeleka viti vinne na kitanda kwa bibi harusi mmoja, kijiji cha kaskazini, njia ya kwenda Puta. Pa kukaa hapakuwepo, basi nikakaa juu ya kitanda chake, kamba mkononi, safari nzima.