Mkwe Yuko Golini

Pale Nyasho ukimuulizia Wanzagi fundi baiskeli, mtu anacheka kwanza, halafu ndo anakuonyesha. Hacheki kwa ubaya. Ni kwamba Musoma nzima walimjua mzee yule kwa jambo moja: yeye alikuwa anaishangilia Ngurumo, timu ya mpira ya pale mjini, na Ngurumo ilikuwa inafungwa.

Siyo inafungwa leo halafu kesho inashinda, hapana. Ilikuwaga inafungwa kama vile ndo kazi waliyoajiriwa. Na ajira kweli walikuwa nayo, maana mwaka ule mambo yalikuwa yameshafunguliwa, kila kitu ruksa, mitumba imejaa sokoni, na wenye maduka wa mjini walisema sasa timu itaendeshwa kisasa, mchezaji atalipwa mshahara kama karani. Mshahara ukatoka mara ya kwanza. Baada ya hapo zikawa ahadi na vipande vya sabuni.

Wanzagi alikuwa na timu hiyo toka kipindi cha dhiki, duka zima lina majani ya chai na mwenye duka, basi, na wachezaji wanafua jezi kwa majani ya mpapai. Jezi zilikuwa za njano, zikafuliwa mpaka ukiwa mbali unadhani wametoka na fulana za ndani. Siku timu ilipoenda Bunda kucheza na vijana wa kiwanda cha pamba, lori la mashabiki likakosa dizeli, watu wakarudi makwao. Yeye akapanda baiskeli. Tyubu ikapasuka Kiabakari, akaijaza tairi majani, akaendelea. Alipofika Bunda watu walikuwa wanatoka uwanjani. Akamsimamisha mmoja.

"Tumefungwa ngapi?"

Hakuuliza nani kashinda.

Na kitu kilichofanya watu wamheshimu, pamoja na kumcheka kote, ni kwamba hakuwahi kumtukana mchezaji. Pale kwenye mashabiki mtu akikosa goli utasikia ukoo wake wote unatajwa, bibi mpaka mbwa wa bibi. Wanzagi anakung'uta kofia yake tu. "Bado vijana hao. Wanajifunza."

Jirani yake kazini, Keraryo, muuza mitumba, alikuwa hamwachi apumue.

"Mzee, wenzako subira inawavutia heri. Wewe yako inavuta mabao."

"Cheka tu. Wewe unashabikia timu za Dar, hujaziona hata kwa macho."

"Nazisikia redioni zinashinda. Wewe yako unaiona kwa macho inafungwa. Sasa hapo nani kapata hasara?"

Ndipo golikipa wa Ngurumo akaanza kuleta baiskeli kutengenezwa hata kama haijaharibika. Kijana mrefu, Masatu, wa kule kisiwa cha Rukuba, mama yake mkausha samaki. Spoku zinakazwa, yeye anaangalia mlango wa nyumba. Mwisho akafanya kama mtu aliyelelewa: akamtuma mshenga, mwalimu wa kwaya Wenceslaus, aje amposee Hyasinta, binti wa mzee.

Mzee siku hiyo hakupata usingizi kwa furaha. Golikipa wa Ngurumo, mkwe wake! Mke wake, Wankyo, ndiye aliyemshika.

"Baba Hyasinta, furahi, lakini ujue. Huyu si mchezaji tena. Huyu ni mkwe. Na huko uwanjani kwenu kuna midomo michafu."

"Mimi nilishawahi kumtukana nani?"

"Ndo nakwambia usianze."

Maana Wanzagi ni mtu wa Butiama, alizaliwa huko, hakuna haja ya kumfundisha. Mkwe unamheshimu mpaka kivuli chake. Na mama wa mkwe ndo usiseme: humtazami usoni, hukai naye mkeka mmoja, ukiwa na neno unampa mtu mwingine apeleke. Ukitaja mwili wake, ukitaja kuzaa kwake, ni kama umemvua nguo mbele za watu.

Sasa ajabu yenyewe ni kwamba toka siku ile ndo uvumilivu ulianza kuwa mgumu. Masatu akiachia mpira, watu hawaangalii golini, wanageuka kumwangalia yeye. "Mkwe katoboka!" "Mzee, mwambie mkwe mahari yetu siyo mabao!" Zamani goli likiingia lilikuwa la timu. Sasa likawa la nyumbani. Anakung'uta kofia, lakini sasa anaikung'uta mara mbili mbili.

Ikafika Jumamosi moja, wageni wametoka Shinyanga. Ngurumo wakipata sare tu, wanabaki kwenye ligi. Na kesho yake, Jumapili baada ya misa, wakwe walikuwa wanakuja nyumbani kuzungumza mahari. Hyasinta alikuwa ameshasiliba ukuta wa mbele kwa udongo mweupe, mchele umepatikana, sukari imepatikana. Kitu ambacho Wanzagi hakukijua ni kwamba mama wa Masatu alikuwa ameshavuka asubuhi ile kutoka Rukuba, kafikia kwa kaka yake Bernado, mtaa wa Mwisenge. Na kwa sababu hajawahi kuona hiyo kazi ya mpira ambayo mwanae anasema ni kazi, Bernado akampeleka uwanjani, wakakaa kwenye benchi karibu na mstari.

Mpira ukachezwa, hakuna goli. Jua likashuka, hakuna goli. Watu wakaanza kuamini. Wanzagi kofia ameishika kwa mikono yote miwili kama anasali.

Basi yule mshambuliaji wa Shinyanga akapiga shuti, na kuliita shuti ni heshima tu. Mpira wa kutambaa, ungemgonga kifaranga angesimama akaendelea kula. Masatu akainama kuuokota. Ukapita katikati ya mikono, ukapita katikati ya miguu, ukaingia wavuni taratibu kama mgeni aliyekaribishwa.

Timu ya nyumbani ikifungwa uwanja unakuwaga kimya. Kimya cha namna hiyo unasikia mtu akikohoa ng'ambo ya pili. Na ndani ya kimya hicho Wanzagi akajikuta amesimama.

"We Masatu! Hivi mama yako alizaa mtu au alizaa furu?"

Furu, visamaki vile vidogo vya ziwani ambavyo hata ndoano havistahili. Watu wakaangua kicheko, Keraryo mwenyewe akacheka, halafu akaacha ghafla. Akamvuta mzee koti.

"Mzee, kaa."

"Niache!"

"Kaa chini, mzee. Angalia pale benchi."

Akaangalia. Mama mmoja mtu mzima, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, pembeni yake Bernado. Yule mama akachukua khanga yake ya juu, akaifungua, akajifunika kichwa na uso wote. Golini Masatu alikuwa ameshika mpira, haurudishi katikati, anaangalia upande wa mashabiki tu.

Wanzagi hakungoja filimbi.

Sijui habari za aibu zinapanda chombo gani, maana yeye alikuwa na baiskeli na bado zilifika kabla yake. Wankyo alikuwa mlangoni, akampisha apite. Hyasinta alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba, ni kweli?"

"Mwanangu, ule mpira—"

"Sijauliza mpira. Ni kweli, au wamekusingizia?"

"Ni kweli."

Hyasinta akachukua ungo, akarudisha mchele wote kwenye mfuko, na mawe yake humohumo, akaufunga.

Jumapili wakwe hawakuja. Wanzagi alivaa koti, akakaa nje kwenye kiti toka misa ilipotoka. Majirani wakipita wanamsalimia kwa adabu kupita kiasi, ile adabu ya msibani. Hata Keraryo alipita hakutania, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Jua lilipoanza kugeuka Wankyo akatoka.

"Mama wa Masatu kesho anavuka kurudi Rukuba. Akipanda mtumbwi na neno lile, hatarudi tena hapa. Na mwanao atabaki hapa hapa na wewe."

"Nimemwendea Wenceslaus anisemee, kakataa. Ananiambia alitumwa kuposa, hakutumwa kuzika."

"Basi nenda mwenyewe."

Akaenda. Baiskeli aliikokota njia nzima mpaka Mwisenge, aliona vibaya kuipanda, mtu mwenye kosa kama lile akipita anapiga pedeli ataonekana ana raha zake.

Bernado hakuwepo, ameenda mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, kuulizia mtumbwi. Aliyetoka ni Masatu.

"Shikamoo, baba."

Hiyo shikamoo ilimwingia kama mwiba. "Marahaba. Nimekuja kwa mama. Sina wa kunisemea."

"Mimi nipo."

"Wewe ndo niliyekutukana."

"Sasa tutafanyaje, baba? Hapa hakuna mwingine."

Basi ikawa hivyo. Mama ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mzee kwenye kigoda nje, ameupa mlango mgongo. Masatu kasimama katikati, anapeleka na kurudisha, na wote watatu wanasikiana vizuri tu.

"Mwambie mama nimekuja."

Sauti ikatoka ndani: "Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie nimekosa. Ni mdomo."

"Muulize, mdomo wake una mwenyewe, au unatembeaga peke yake?"

Masatu akairudia hiyo, anaangalia chini.

"Mwambie una mwenyewe," Wanzagi akasema. "Ni mimi."

"Muulize alisema nini. Nilikuwa mbali kidogo, sikusikia vizuri. Arudie."

Jasho likamtoka mzee, kofia yote ikalowa. "Mwambie siwezi."

"Jana aliweza."

"Mwambie... jana sikujua kama yupo."

Lilipotoka tu akajua ameharibu zaidi. Halafu yule mama akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe:

"Kumbe ningekuwa Rukuba, ningekuwa mtu wa kutukanwa."

Hiyo Masatu hakuipeleka. Aliiacha hapohapo, akageuza uso.

Wanzagi akateremka kwenye kigoda, akakaa chini kwenye vumbi, na lile koti lake. Mtu mzima, mvi kichwani. Kuku wa Bernado akaja akamdonoa kiatu, hakumfukuza. Alikuwa anamfikiria Hyasinta anafunga ule mfuko wa mchele.

"Muulize kitu," sauti ikarudi. "Kaka yangu aliniambia huyu mzee ni mvumilivu. Miaka yote, timu inafungwa, hakutukana mtu. Na wale wote walikuwa na mama zao. Wa kwangu ndo akamshinda? Anieleze."

Masatu akauliza.

Mzee akaivua kofia. "Mwambie wale walikuwa wa timu. Wakifungwa narudi nyumbani nalala. Huyu nilishaanza kumwita wangu. Akifungwa naona wamenicheka mimi." Akafuta uso kwa kofia. "Mwambie siyo kwamba najitetea. Ameuliza tu."

Ndani wakasikia sufuria inasogezwa, sijui alikuwa anafanya nini, labda alikuwa anatafuta cha kushika.

"Mwambie binti hana kosa," akasema mwisho. "Sivuki kesho. Jumapili inayokuja tutafika, mimi na kaka. Mbuzi wa kufuta lile neno atamtoa, kaka atamwelekeza. Lakini mwanangu akiwa golini, yeye uwanjani asikanyage. Siyo mechi ijayo tu. Akae na baiskeli zake. Mtu asiyeweza kukaa na mkwe uwanjani, akae naye nyumbani."

Masatu akafungua mdomo apeleke, mzee akainua mkono. Alishasikia. Miaka yote ile, mvua, Kiabakari, majani kwenye tairi, ameambiwa aiweke chini, na aliona ni haki.

"Mwambie nimekubali. Mwambie nashukuru."

Masatu akamsindikiza, kama inavyotakiwa kumsindikiza mkwe. Akamwomba baiskeli, akaikokota yeye. Wakatembea. Watu waliowajua walikuwa wanaangalia, halafu wanajifanya hawaangalii. Walipofika kwenye kona Masatu akasimama.

"Baba, wewe unajua mpira."

"Kidogo."

"Goli la jana. Pale ulipokuwa umekaa, ulilionaje?"

Mzee alikuwa ameliona vizuri kuliko mtu yeyote. Masatu aliinama miguu imeachana, magoti hayakukutana, akaangalia mshambuliaji badala ya mpira. Mtu mwingine yeyote angemweleza pale pale barabarani, na kumwonyesha kwa vitendo. Akaangalia chini.

"Jua," akasema. "Jua lilikupiga machoni."

Masatu akaishika baiskeli vizuri, akampa.

"Jua lilikuwa mgongoni kwangu, baba."

Mzee Wanzagi akaipokea. Halafu akachuchumaa barabarani, akaanza kuuvuta mnyororo, anaukagua pete moja baada ya nyingine, mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote.