Daftari la Daktari Mpya

Daktari mpya wa upasuaji ana daftari la kijani ndani ya mfuko wa koti. Kila akimaliza kupasua, mwanamke huyu huandika mistari miwili: mmoja wa mgonjwa, mwingine wake mwenyewe, amelala kwa saa ngapi, amekula au hajala. Siku thelathini zikipita humpigia mgonjwa simu, hata aliyeko mbali kule Kabwe, amuulize kidonda kimefungaje. Vidole vyake ni vifupi, kucha amezikata mpaka nyamani. Mimi humwona kila Ijumaa ninapokuja hospitalini kufuta vumbi picha ya marehemu mume wangu, aliyepasua watu hapa Sumbawanga miaka ishirini na miwili, akaanguka akafa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Zamani wauguzi walimsifu yeye. Sasa wanamsifu huyu.

Ijumaa iliyopita alikuwa ananawa mikono aingie kupasua, akaacha. “Isdori, shika wewe,” alimwambia daktari mwenzake. “Mimi usiku nimelala kwa saa mbili tu.” Hakuona haya. Mume wangu asingesema hivyo, na hakusema. Kisha daktari akanijia na daftari lake.

“Shikamoo mama. Nafanya utafiti wa uchovu wa sisi tunaopasua. Mzee alikuwa analala kwa saa ngapi usiku?”

“Marahaba. Alilala vizuri sana,” nilidanganya.

Alinitazama, akalifunga daftari bila kuandika kitu, akaniaga kwa heshima. Dirishani nilimwona mumewe akimsubiri getini na sweta mkononi, ampeleke nyumbani akalale. Nilibaki na kitambaa changu cha vumbi, nikimwonea wivu mwanamume yule.