Baba wa Kuazima

Barazani kwetu kulikuwa na cherehani mbili, rula moja ya mbao na mkasi mmoja mkubwa wa kukatia. Mkasi ulikuwa wa mwenzangu, rula yangu. Tulikuwa mafundi wa nguo Kimisagara, mjini Kigali, kule bondeni, mbele ya duka la chumvi na sabuni, na kwa miaka sita hatukugombania kitu isipokuwa upande wa kivuli.

Yeye alitoka kaskazini, upande wa Gisenyi. Mimi ni wa kusini, upande wa Butare. Yeye ufundi aliupata Goma, ng'ambo ya mpaka, mimi Bujumbura, ndiyo maana kazini tulizungumza Kiswahili, kila mtu na kile alichookota. Kinyarwanda tulikuwa nacho sote, lakini ukifungua kinywa tu watu wanajua kilima ulichotoka. Katika Kiswahili tulikosea wote sawasawa, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Kwenye vitambulisho vyetu mstari wa kabila ulikuwa na neno lilelile, kwake na kwangu. Nalisema mapema kwa sababu wageni hudhani mstari ule ndio pekee uliotutenga. Palikuwa na mwingine, wa asili: mkoa na wilaya aliyotoka baba yako, hata kama wewe hujapakanyaga. Jumamosi tulishika majembe pamoja, tukazibua mitaro ya mtaa na kuimba umoja mpaka koo zikakauka. Jumatatu ukienda kuomba kazi au shule, karani anauangalia mstari ule kwanza.

Sisi tuliufanyia utani. "Nyinyi watu ya kusini," mwenzangu alikuwa akisema, "mutu anawakanyaga, munamuomba pardon, kisha munamutilia sumu mu pombe."

"Na nyinyi ya kaskazini," ninamjibu, "munamukanyaga mutu, kisha munangoja yeye aombe pardon."

Wateja walicheka. Tulikuwa na miaka ya kucheka.

Nilikuwa na mtoto mmoja, binti. Wengine wawili mke wangu aliwazaa na hawakutimiza mwaka. Huyu alibaki, na alikuwa na kichwa. Darasa zima lilinakili kwake. Mwaka uliofuata vita kuanza mpakani, alifanya mtihani wa taifa wa kuingia sekondari, na mwalimu wake alikuja barazani kunipa mkono kabla hata ya matokeo. Orodha ilipobandikwa niliipitia kwa kidole mara tatu. Aliyekaa naye dawati moja alikuwamo. Wangu hakuwamo.

Nilikwenda kwa karani. Alifungua jalada, akatikisa kichwa kwa heshima. "Mtoto amepita vizuri sana, mzee. Tatizo ni mkoa wenu umejaa." Alisema kama kondakta anavyosema gari limejaa, bila chuki yoyote, na hapo ndipo nilipoingiwa na hasira ambayo haijanitoka hadi leo. Ningetukanwa ningejua la kufanya. Mtoto alirudi nyumbani akaanza kunitungia sindano, na kila alipopitisha uzi niliona maisha yake yote yakipita kwenye tundu lile.

Mwenzangu aliniona. Alinipeleka Gitega, mtaa wa jirani, kwa mama mmoja aliyeuza ikigage, pombe yetu ya mtama. Ikigage hunywewa kwa mrija mmoja mnaopokezana. Mwenye kukaribisha hutangulia kuonja, mgeni ajue haina ubaya, kisha mrija unazunguka na hakuna anayeufuta. Alionja, akanipa.

"Ndugu," akasema, "mimi siko na bibi, siko na mutoto. Nitaenda kwetu, niseme nilizaa inje, sasa ninamukubali mutoto wangu. Karani ni mutu tulichunga naye ng'ombe. Mutoto atafanya mutihani tena, ataingia na mukoa yangu. Kule kwetu nafasi haikosi."

Nililia, na siyo kwa sababu ya pombe. Mtu kukupa baba wa mtoto wako si jambo dogo. Sikumwuliza mke wangu.

Karatasi zilirudi baada ya wiki mbili na mhuri wa wilaya yake. Jina la mtoto lilibaki lilelile. Baba: fundi cherehani, wa kaskazini. Kwenye nafasi ya mama waliandika: amekufa. Ilibidi, mwenzangu alieleza, maana mama aliye hai angeitwa aweke alama ya kidole.

Mke wangu hakujua kusoma sana, lakini neno hilo alilisoma. Alikaa na karatasi magotini muda mrefu. "Munaniua mimi, mutoto apate kusoma," akasema. Kisha: "Mutoto haiko mukasi, baba. Mukasi unaazima, unarudisha." Nikamwambia maneno ya karatasi ni ya karatasi. Tangu siku ile, kila nilipotaja shule, alitoka nje kutafuta kuni.

Nikaanza kumfundisha mtoto. Kila jioni tukifunga kazi nilimsimamisha mbele ya meza ya kukatia, mimi nikawa mwalimu mkuu, nikawa askari wa kizuizini, nikawa padri. Unatoka wilaya gani? Kilima gani? Mama yuko wapi? Baba ni nani? Na huyu mzee anayekutembelea? "Ni rafiki wa baba." Alijua yote kwa siku mbili. Lakini kwenye swali la baba alikuwa na kosa moja: kabla ya kujibu, macho yake yalinigeukia mimi. Mara moja tu, upesi, kisha anasema jina la mwenzangu.

"Usiniangalie!" nilimfokea. "Mtu hamwangalii rafiki wa baba!"

Tulirudia mara nyingi sana. Aliendelea kuniangalia. Jioni moja nilimpiga kiganjani kwa ile rula ya mbao, mara mbili. Hakulia. Alisema, "Nimeelewa, rafiki wa baba," na tangu hapo akawa anautazama ukuta. Nilifurahi. Naandika hili nikijua linavyosomeka: nilifurahi.

Alipita tena, na safari hii jina lilikuwamo. Shule ilikuwa ya bweni, kulekule kaskazini. Likizo mwalimu mkuu hakumwachia mtoto ila kwa mzazi wa kwenye karatasi, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyepanda kumchukua na kumteremsha Kigali. Kwenye gari mtoto alimwita baba. Mlangoni kwangu alinipa mkono kwa adabu, kisha akishaingia ndani anamkumbatia mama yake aliyekufa.

Wakati huo vyama vingi vilikuwa vimekuja, na kila chama kilikuwa na rangi na mkoa wake. Tulishona kofia na bendera za vyote, barazani pamoja, na mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Kisha wateja wa kofia za kaskazini wakaanza kumwuliza mwenzangu kwa nini anakaa na mimi. Wa kusini nao wakaniuliza vilevile. Kwenye vilabu watu waliacha mrija mmoja wakataka chupa, ifunguliwe mbele ya macho yao. Kila aliyekufa kwa tumbo, walisema amewekewa sumu.

Siku moja tulirudi kwa yule mama wa Gitega. Safari hii mimi ndiye niliyekaribisha, lakini nilikuwa na mawazo na nikasahau desturi: nilimpa mrija kabla ya kuonja. Aliupokea. Aliushika. Hakunywa. Alingoja, macho yake kwenye mtungi, mpaka nikaelewa, nikauchukua, nikanywa mimi kwanza. Ndipo naye akanywa. Mtu aliyekuwa na mtoto wangu kwenye karatasi zake alikuwa ameogopa kuwa nimemtilia sumu, na mimi, badala ya kucheka kama zamani, niliona aibu kama niliyekuwa nimeitia kweli.

Ikaja Pasaka ya mwaka tisini na nne. Mwenzangu alisema mama yake ni mgonjwa, angemchukua mtoto shuleni wakaile sikukuu kwao, kisha wiki inayofuata angemleta. Mke wangu alinishika mkono, yeye ambaye hakuwa akinishika tena. "Enda umulete wewe mwenyewe." Nikamwambia haiwezekani, na ilikuwa kweli. Barabara ya kaskazini ilijaa vizuizi. Ningefika na kitambulisho cha kusini, nisimame mbele ya mwalimu mkuu mlangoni, nimwambie mimi ni nani? Rafiki wa baba?

Siku chache baada ya Pasaka rais aliuawa, na watu wakaanza kuuawa nyumba kwa nyumba. Majirani zetu ambao mstari wao wa kabila ulikuwa na neno lingine waliuawa milangoni mwao, na mimi nilikuwa ndani nimeshika komeo. Sitajitetea. Msiba wao si wa kuwekwa pembeni mwa wangu, na siusemi hapa ili wangu uonekane mkubwa. Sisi tulikimbilia kusini, kwetu, kwenye ule mkoa uliojaa. Kwenye vizuizi walinitazama kama msaliti kwa sababu ya mahali nilipotoka, lakini neno la kabila liliniokoa. Neno hilohilo liliwaua wengine kwa kukosekana kwake. Tangu hapo sijapata kulitamka.

Tulirudi vita vilipokwisha. Kigali ilikuwa na watu wapya, Wanyarwanda waliokulia Uganda, Burundi, Tanzania, na barazani kwetu kulikuwa na mtu anauza mishumaa. Cherehani hazikuwapo. Rula niliikuta nyuma ya duka, imevunjika ncha. Kaskazini nzima, watu walisema, ilikuwa imevuka mpaka kwenda Goma, na huko kipindupindu kilikuwa kikiwafagia.

Palikuwa na ofisi iliyokusanya majina ya watoto waliopotea. Mke wangu alinifuata mpaka mlangoni, akakaa nje. Ndani alikuwa msichana aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa kile nilichookota ujanani. Nilimwambia jina la mtoto, umri, wilaya. Alipouliza la baba, nilitaja la mwenzangu. Niliona hakuna njia nyingine ya kumpata.

Alifungua orodha za Goma, akapitisha kidole polepole, kama mimi siku ile ya mtihani. Kidole kikasimama.

"Yuko," akasema.

Nilishika meza kwa mikono miwili.

Akasoma. Msichana, miaka kumi na mitano. Wilaya ni ile, kilima ni kile. Mama: amekufa. Baba: fundi cherehani, amekufa kwa kipindupindu. Ndugu wengine: hakuna. Alitolewa kambini pamoja na kundi la yatima, walikopelekwa hakukuandikwa.

"Wewe ni nani wake, muzee?"

Nikamweleza yote, mkoa, karani, karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na machozi yalimlengalenga. Alinionea huruma kweli. Kisha akasema hapa kila siku wanakuja watu kudai watoto wasio wao, na mtoto hukabidhiwa kwa aliyeandikwa. "Leta karatasi moja tu yenye jina lako na lake." Karatasi hiyo niliichoma mwenyewe, mwaka ule wa pili wa mtihani, ili zisipatikane mbili.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Hata mjukuu hutoka kwa mtoto.

Nilikuwa nimeshasimama niondoke nilipomwuliza swali ambalo hata mimi sikujua nilikuwa nalo. Nilitaka kujua kama imeandikwa popote kwamba, alipoulizwa baba yake ni nani, aligeuza macho kumtafuta mtu kabla ya kujibu.

Msichana aliitazama tena fomu, juu mpaka chini, kwa uaminifu.

"Hapana, muzee," akasema. "Hapa wameandika tu amejibu vizuri."